Miti ya maua ya Australia: jinsi ya kuiotesha kwenye ardhi yetu

Mkaratusi wa maua mekundu niliuona chini kabla ya kuuona juu. Ilikuwa Januari, Perth, jua la saa nane linachoma, nami natembea kando ya barabara ya mtaa wa makazi. Lami ilikuwa imejaa nyuzi nyekundu, nyembamba kama uzi wa kudarizia kofia, na kati yake vimelala vifuniko vidogo vya kijani, kila kimoja na kincha chake katikati. Nilipoinua uso, kichwa kizima cha mti kilikuwa chekundu, na nyuki walikuwa wengi hadi mti wenyewe ukawa unavuma. Mimi nimezaliwa Lushoto. Mkaratusi kwetu ni nguzo, kuni, na majani ya kujifukiza mtu akishikwa na mafua. Sikujua kuwa una ndugu anayeweza kumsimamisha mtu njiani.

Nilikaa huko miaka miwili. Nilirudi na hamu ile ile, na sasa ni mwaka wa tisa naotesha miti ya maua ya Australia kwenye kishamba kilicho nyuma ya nyumba yetu. Mingine imekufa mikononi mwangu, mingine inanipa maua kila mwaka. Mwongozo huu ni kwa yeyote aliyeiona miti hiyo, kwa macho au kwenye simu, akatamani kuwa nayo kwake. Jambo moja ningependa ulishike kuliko mengine yote: usiuchague mti kwa picha yake, uchague kwa kuangalia kwao ni wapi.

Hatua ya kwanza: jua kwao mti

Tunasema "Australia" kana kwamba ni mkoa mmoja, na kumbe ni bara zima. Perth iko kusini magharibi. Mvua zake hunyesha wakati wa baridi, zaidi Mei hadi Agosti, na miezi ya joto huwa mikavu. Mkaratusi ule mwekundu, ambao kwa jina la kitaalamu ni Corymbia ficifolia, hata huko kwao si wa kila mahali. Porini unapatikana katika eneo dogo tu la pwani ya kusini, karibu na mji wa Walpole. Yote unayoiona mijini imepandwa na watu. Ni mti uliozoea kunywa wakati wa baridi na kukaa mkavu wakati wa joto, kwa hiyo ukiuletea joto na unyevu kwa pamoja, magonjwa ya kuvu huushika upesi. Waaustralia wenyewe wanaoishi upande wa mashariki wanasumbuka nao, na wengi hununua miche iliyobebeshwa juu ya mashina ya ndugu zake wanaovumilia unyevu.

Upande wa mashariki mambo ni tofauti. Kuanzia Illawarra, ule ukanda wa pwani ulio kusini mwa Sydney, hadi Queensland, kadiri unavyopanda kaskazini ndivyo mvua nyingi inavyonyesha miezi ya joto, na misitu yake ina miti minene ya kivuli. Hii ndiyo miti inayojisikia nyumbani kwenye nyanda zetu za juu: Lushoto, Moshi, Arusha, Limuru, Nairobi, na milima ya Kigali na Bukavu. Huko kaskazini kabisa, Darwin na Kimberley, mwaka una sehemu mbili tu, masika na kiangazi kirefu. Mtu wa Lindi au Mtwara angeuelewa mwaka huo bila kuelezwa.

Kwa hiyo watu wa milimani watafute miti ya mashariki, na watu wa pwani watafute miti ya kaskazini na ya misitu ya joto ya Queensland. Miti ya kusini magharibi ni ya mwenye subira, mwenye udongo wa kichanga na mteremko unaopitisha upepo. Kabla ya kununua hata mbegu moja, tafuta jina la kitaalamu la mti, kisha tafuta unapoota porini. Inachukua dakika kumi na inaokoa miaka.

Hatua ya pili: anza na tuliyo nayo

Wengi hawajui kuwa mgrivea ni mtu wa Australia. Ule unaosimama katikati ya mibuni na kwenye mipaka ya mashamba kuanzia Kilimanjaro hadi Mlima Kenya ni Grevillea robusta, mti wa misitu ya kusini mwa Queensland na kaskazini mwa New South Wales. Uliletwa kwetu zama za ukoloni uwe kivuli cha kahawa na chai. Tunaukata matawi kila mara kwa ajili ya kuni, ndiyo maana wengi hawajawahi kuuona ukichanua sawasawa. Uache mmoja bila kuukata kwa miaka kadhaa. Utatoa vichana vya maua ya rangi ya dhahabu iliyokolea, vimelala upande mmoja kama meno ya kitana, na kila ua limejikunja kabla ya kufunguka. Ndege chozi watakuja kunyonya. Kwao Australia kazi hiyo hufanywa na ndege wengine na kasuku wadogo, lakini chozi wetu hawakuhitaji kufundishwa.

Wa pili kupatikana kwa urahisi ni Callistemon viminalis, ule mti wa matawi yanayoning'inia na maua mekundu kama brashi ya kuoshea chupa. Hoteli nyingi za Arusha na Nairobi wanao. Mimi huuita mti wa brashi. Ukiukaribia utaona jambo la ajabu: tawi haliishii kwenye ua. Majani mapya hutokea kwenye ncha ya brashi yenyewe na tawi huendelea mbele, likiacha nyuma yake vikombe vya mbegu vilivyoshikamana na ukuni kama shanga. Kwa kuhesabu mafungu ya shanga hizo unaweza kujua tawi limechanua mara ngapi.

Kisha kuna Brachychiton acerifolius, ambao Waaustralia huuita mti wa moto wa Illawarra. Nairobi umepandwa kwenye bustani na kando ya barabara. Hupukutisha majani kwanza, halafu vikengele vidogo vyekundu hufunika matawi matupu. Mara nyingine nusu ya mti huwaka na nusu nyingine hubaki na majani yake. Ikikutokea hivyo usihangaike, ndivyo ulivyo.

Mwenye nafasi na subira aongeze Stenocarpus sinuatus, ambao maua yake hukaa duara kama tindi za gurudumu la baiskeli, rangi ya moto. Unakua polepole, na ukiuotesha kwa mbegu unaweza kungoja miaka kumi. Nimeupanda kwa ajili ya mtoto wangu.

Kwa pwani, kuanzia Tanga hadi Dar es Salaam, Mombasa na visiwani, ningeanza na Xanthostemon chrysanthus. Ni mti wa misitu ya kaskazini mashariki ya Queensland, unapenda joto na maji, na maua yake ni mafungu ya nyuzi za manjano. Mji wa Cairns umeufanya nembo yake. Na kama roho yako imeshikwa na mikaratusi ya rangi na unaishi penye joto, tafuta Corymbia ptychocarpa wa Kimberley badala ya ule wa Walpole. Maua yake ni mekundu au ya waridi, na kiangazi chetu haukiogopi.

Ukitaka kuona miti ya kigeni iliyokomaa kabla ya kuamua, nenda kwenye bustani za zamani za miti. Ile ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti inayokua haraka kwa ajili ya kuni za garimoshi. Amani, kwenye Usambara Mashariki, Wajerumani walianza kupanda mwaka 1902. Simama chini ya mti wenyewe, uone ukubwa wake, ndipo uamue kama utatosha kwako.

Hatua ya tatu: pata mbegu kwa njia halali

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu hamu ya ua humfanya mtu mwema afiche kitu kwenye begi.

Kwa mgrivea na mikaratusi ya kawaida, mbegu ziko hapa hapa. Kenya ziko KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Muguga. Tanzania, vituo vya serikali vya mbegu za miti, makao yake Morogoro, huuza mbegu zilizopimwa uotaji. Mti wa brashi na mti wa moto unaweza kuomba mbegu kwa jirani.

Kwa ile isiyopatikana, agiza kwa muuzaji wa mbegu wa Australia, lakini kibali kitangulie. Unaomba kwa mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako: Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS. Wao watakuambia masharti, na muuzaji naye atatakiwa kupata cheti cha afya ya mimea kutoka serikali ya kwao. Mambo haya mawili yakikamilika, mzigo unapita. Usiokote mbegu mwenyewe ukiwa matembezini. Australia Magharibi mimea ya asili inalindwa na sheria, na kuchuma kwenye ardhi ya umma bila kibali ni kosa.

Kipande cha tawi au mche mzima usiulete kabisa. Mwezi wa Aprili 2010 iligunduliwa New South Wales kutu ya mimea, aina ya kuvu, inayoitwa Austropuccinia psidii. Huja kama unga wa manjano kwenye majani machanga na ncha za matawi, na tangu hapo imeenea kwenye pwani yote ya mashariki ya Australia. Inashambulia jamii ya Myrtaceae. Mikaratusi imo katika jamii hiyo, na mti wa brashi pia. Lakini imo vilevile mipera, mizambarau, na mikarafuu ya Unguja na Pemba. Siwezi kufikiria ua linalostahili kuhatarisha karafuu ya mtu.

Hatua ya nne: amsha mbegu

Kila jamii ina namna yake ya kulala, na hapa ndipo wengi hukata tamaa wakidhani mbegu ni mbovu.

Mbegu za mgrivea ni nyepesi kama karatasi na zina bawa. Zinapokomaa hupeperuka ndani ya siku chache, kwa hiyo angalia maganda yake yanapoanza kugeuka kutoka kijani kwenda kahawia, ukate tawi na kulianika juu ya kitambaa. Watu wengine huwashwa ngozi wakishika majani na maua yake, vaa mikono mirefu. Loweka mbegu usiku mmoja, atika mara moja. Zikikaa miezi kwenye joto la kawaida hupoteza uhai.

Mti wa brashi: kata kijitawi chenye vikombe vya zamani, vile vya mwaka juzi, ukiweke kwenye mfuko wa karatasi mahali penye joto. Baada ya siku chache utasikia kitu kama vumbi kikitikisika ndani. Hiyo vumbi ndiyo mbegu. Changanya na mchanga laini ili uweze kuinyunyiza sawasawa, isambaze juu ya udongo na usiifunike. Ukiimwagilia kwa juu itasombwa yote, kwa hiyo weka kopo la kuatikia ndani ya beseni lenye maji kina cha vidole viwili, udongo unywe kutoka chini.

Mti wa moto una maganda meusi kama mitumbwi, na ndani yake nywele za manjano zinazochoma. Vaa glavu, na usipulize kuelekea usoni. Mbegu zilizomo zinafanana na punje za mahindi, hazihitaji dawa wala maji ya moto. Zifukie kina sawa na unene wake na zitaota ndani ya wiki tatu.

Corymbia zina mbegu kubwa kidogo kuliko mikaratusi mingine. Funika kwa mchanga mwembamba wa nusu sentimeta, weka kwenye kivuli chepesi, na ngoja wiki mbili au tatu.

Banksia nyingi hufunga mbegu zake ndani ya magumba magumu yanayofunguka kwa moto wa nyika. Ili kuepuka kazi hiyo chagua Banksia integrifolia, ambayo hufunguka yenyewe, na ambayo huota hadi ukingoni mwa bahari bila kuogopa chumvi.

Mbegu za migunga ya Australia, ile ya maua ya manjano kama vifaranga, hukaa ndani ya ganda gumu. Huamshwa kwa kumwagiwa maji yaliyotoka kuchemka na kuachwa mpaka asubuhi. Zilizovimba ndizo za kuatika. Njia hii inafaa kwa migunga yetu ya asili pia, na ndiko ningependa uitumie. Sababu nitaieleza mbele.

Hatua ya tano: kiriba na kitalu

Atika Septemba au Oktoba, ili miche iwe tayari masika yakianza. Udongo wa viriba vyangu ni mafungu mawili ya mchanga wa mtoni, moja la udongo mwekundu, na moja la mboji ya majani iliyooza sawasawa. Samadi mbichi siweki, na mbolea ya kuku siweki kabisa. Maji yapite haraka. Ukimwaga kikombe kwenye kiriba na kikatuama juu kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini, ongeza mchanga.

Adui mkubwa hapa ni kinyausi. Unaamka asubuhi, mche jana ulikuwa umesimama, leo umelala, na shingo yake imekuwa nyembamba kama uzi. Atika kwa nafasi, mwagilia asubuhi badala ya jioni, na uruhusu upepo upite kitaluni. Mche ukitoa majani mawili ya kweli uhamishie kwenye kiriba chake. Punguza kivuli kidogo kidogo, mpaka mwezi wa mwisho ukae juani kutwa.

Usisubiri mche uwe mrefu ndipo uupande. Mikaratusi na mti wa moto hushusha mzizi mkuu mapema, na mzizi ukifika chini ya kiriba huanza kujizungusha. Mti wa namna hiyo utakua miaka mitatu, halafu siku ya upepo unalala chini. Kimo cha shubiri moja na nusu kinatosha.

Hatua ya sita: shimo, na ile DAP

Kila bwana shamba ametufundisha kutia DAP, ile mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, kwenye shimo. Kwa mahindi, sawa. Kwa miti hii inaweza kuwa sumu.

Udongo wa Australia ni wa kale mno, na mvua ya mamilioni ya miaka imeondoa fosforasi karibu yote. Mimea ya jamii ya Proteaceae, yaani mgrivea, Banksia, Stenocarpus na ndugu zao, ilijifunza kuishi na upungufu huo. Hutoa vishada vya mizizi midogo sana, kama manyoya ya brashi ya mswaki, vinavyomwaga asidi na kuibua fosforasi iliyojificha kwenye udongo. Mti unaotafuta kwa juhudi hiyo haujui kukataa ukipewa nyingi. DAP ina fosfeti asilimia 46. Mzizi hunywa, hunywa, na majani huanza kuungua kutoka ncha.

Nilikuwa na miche ishirini na nne ya Banksia integrifolia, niliyoilea miezi saba. Niliipanda mwezi wa Aprili, kila shimo kijiko kimoja cha DAP, kwa sababu ndivyo nilivyozoea na nilitaka kuipa mwanzo mzuri. Wiki ya tatu kingo za majani ziligeuka kahawia. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Iliyobaki hai ilikuwa minne, na ile minne ni ya mwisho wa mstari, ambako mbolea iliniishia.

Kwa jamii hiyo, basi, shimo lisiwe na mbolea ya dukani yoyote yenye fosforasi, wala samadi ya kuku. Mboji ya majani kiasi cha koleo moja inatosha, na matandazo ya majani makavu juu. Mgrivea wenyewe ni mvumilivu kuliko ndugu zake, ndiyo maana unastahimili kuishi katikati ya kahawa inayotiwa mbolea. Mikaratusi na mti wa brashi hawana udhaifu huo, samadi iliyooza kidogo haiwadhuru.

Chimba shimo la sentimeta 45 kwa 45. Penye udongo wa mfinyanzi, panda juu ya tuta badala ya ndani ya shimo. Wangu wa Walpole nimeupanda juu ya tuta la mchanga na kokoto, upande wa mteremko ambako ukungu wa asubuhi huondoka mapema, nao ni mmoja kati ya mitatu uliopona.

Hatua ya saba: miaka miwili ya kwanza

Mchwa huua mikaratusi michanga kuliko ugonjwa wowote, hasa miche yenye kiu. Matandazo yakae mbali na shina, upana wa kiganja. Kagua shingo ya mche kila wiki kiangazi; ukiona udongo umepakwa kwenye gome, ubandue na utafute wanakotokea. Mwagilia ndoo moja mara moja kwa wiki, si kikombe kila siku, ili mizizi iende chini. Funga ua dhidi ya mbuzi. Njombe na Makete, ambako kuna asubuhi nyasi huamka na barafu, funika mgrivea mchanga kwa nyasi kavu miezi ya Juni na Julai.

Mti wa brashi upogolewe maua yanapoanza kunyauka tu, kidogo nyuma ya brashi. Ukichelewa miezi, utakata maua ya msimu ujao.

Miti ambayo naomba usiipande

Nilisema nitarudi kwenye migunga ya manjano. Acacia pycnantha ndilo ua la taifa la Australia tangu 1988, na tarehe 1 Septemba huko ni siku yake. Nimeuona, ni mzuri kupita maelezo. Lakini tumeshaona ndugu yake amefanya nini. Muwati, Acacia mearnsii, uliopandwa Njombe na Usambara kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, umo kwenye orodha ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Mbegu zake hulala ardhini miongo kadhaa, na moto ukipita huamka zote. Afrika Kusini, hata huo wa ua la taifa ni mvamizi. Kwa sababu hiyo migunga ya Australia naiangalia kwenye picha tu. Sisi tunaoishi karibu na Amani tuna somo jingine mlangoni: Maesopsis, mti wa Afrika hii hii, ulipandwa pale na kuingia msituni, na mpaka leo haujatoka. Kama shamba lako limepakana na msitu wa asili, panda mti mmoja mmoja, na kila mwaka zunguka kutafuta miche iliyojiotea.

Na mkaratusi wa aina yoyote usiupande kwenye chemchemi wala ukingoni mwa mto. Mwaka 2009 John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Mazingira wa Kenya, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na kwenye maeneo oevu, na aliyeona kijito kikikauka anajua kwa nini.

Hatua ya mwisho: kungoja ua

Mti wa brashi utakupa maua mwaka wa tatu au wa nne. Mgrivea kama mwaka wa sita. Mti wa moto usiuwekee tarehe. Unapenda kiangazi kikali kabla ya kuchanua, na kwenye bustani inayomwagiliwa kila siku unaweza kukaa na majani tu. Ukishakomaa, upunguzie maji.

Wangu wa Walpole ulianza kutoa vitumba mwaka wa saba. Nilikaa navyo kama mtu anayengoja mgeni. Mkaratusi hauna petali za kufunguka. Petali zake zimeungana kuwa kile kifuniko nilichokiona kwenye lami ya Perth. Mfaransa L'Héritier, aliyeipa jamii jina la Eucalyptus, alilitoa kwenye maneno ya Kigiriki yenye maana ya "kufunikwa vizuri". Asubuhi moja ya Januari ufa mwembamba ulizunguka kitumba. Saa nne kifuniko kilikuwa kimekaa upande. Saa sita kilianguka, na nyuzi zilizokuwa zimekunjwa ndani zikaanza kujinyoosha moja moja, zikiwa bado na mikunjo kama nguo iliyotoka sandukuni. Hazikuwa nyekundu. Zilikuwa rangi ya chungwa.

Ndivyo mbegu za mti huu zilivyo: mama mwekundu anaweza kuzaa wa waridi, wa chungwa, hata mweupe. Anayetaka rangi fulani lazima abebeshe kikonyo cha mti anaoujua. Mimi sasa natunza mbegu zake mwenyewe. Vikombe vyake ni vikubwa na vina umbo la mtungi. Viache mtini mpaka viwe vya kahawia na vigumu, ndipo ukate na kuvianika juu ya gazeti, mahali pasipo na upepo. Mbegu nzima ni ya kahawia inayoelekea wekundu na ina bawa, makapi ni madogo na hayana. Zitie kwenye bahasha ya karatasi, andika juu yake tarehe, mahali, na rangi ya mti wa mama.